Asidi ya Meza ya Nne

Philip Murithi alitangaza kanisani kwamba binti yake Kendi angesoma Kemia ya Juu, wiki nzima kabla Kendi mwenyewe hajaiona fomu. Alitangaza siku ya Ijumaa, siku ya mapumziko huku Doha, pale kwenye makanisa ya Mesaimeer, ibada ikiwa imekwisha na watu wamepanga foleni ya chai. Hakushika kipaza sauti. Philip hakuwa mshamba kiasi hicho. Alimwambia Job tu, akijua kwamba ukimwambia Job umeshabandika tangazo mlangoni.

"Hata kijana wangu Bradley anaitaka," alisema Job, ambaye alikuwa karani katika kampuni ya ujenzi, mtu mpole wa kuuliza maswali kuliko kuyajibu. "Lakini naogopa. Wanasema ni ngumu kweli."

"Ngumu kwa nani?" Philip akauliza. "Kemia ni kichwa tu, ndugu yangu. Mimi nilipata A. Kwetu hiyo inatembea na damu."

Kendi, msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa amesimama kando ya baba yake, akainamisha uso kwenye kikombe chake cha karatasi. Philip alidhani ni unyenyekevu, na akampigapiga begani.

Hiyo A alikuwa ameishi nayo Doha miaka kumi na mmoja. Uzuri wa ughaibuni ni kwamba mashahidi wote hubaki nyumbani. Hakuna hata mmoja kati ya wale waliosoma naye kule Meru aliyewahi kutua Qatar, na kila mwaka uliopita bila yeyote kutokea, ile A ilizidi kunenepa. Ilianza kama A ya kawaida. Baadaye ikawa A iliyomfanya mwalimu mkuu amwite ofisini kumpa mkono. Siku hizi ilikuwa A ya kwanza katika wilaya nzima. Na kazi pia ilikuwa imepanda cheo namna hiyo hiyo. Philip alikuwa fundi wa kompyuta katika hoteli moja ya West Bay, kazi safi ya kiyoyozi na kadi ya kufungulia milango. Kanisani walimwita Injinia, naye hakuona sababu ya kuwavunja moyo.

Jumatatu iliyofuata shule ilituma barua. Wazazi wote wenye watoto wanaofikiria Kemia ya Juu walialikwa Alhamisi saa kumi alasiri, waje waelezwe mambo ya kutarajia. Chini yake kulikuwa na sentensi moja ambayo Philip aliisoma mara mbili kwa furaha: wazazi wangefanya jaribio moja maabara, kwa mikono yao wenyewe, watoto wakiwatazama.

Job alimpigia simu jioni hiyo hiyo.

"Umemjua mwalimu?" akauliza. "Ni wa kwetu. Anaitwa Kwamboka. Alifundisha shule ya wasichana Nyamira miaka kumi na miwili kabla ya kuja huku."

"Nyamira?" Philip akauliza.

"Nyamira."

"Job, hebu tuongee ukweli. Mtu anamtoa mtoto Kenya, anamleta mpaka shule ya kimataifa, halafu anafundishwa na mwalimu kutoka Nyamira. Si ningemwacha tu nyumbani?"

"Wanasema ni mkali sana."

"Ukali si elimu," alisema Philip. Yeye alikuwa amemtarajia mzee wa Kiingereza mwenye ndevu nyeupe, aina ile unayoweza kupiga naye picha.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akavaa suti ya buluu, akaendesha gari kutoka West Bay jua likiwa bado linachoma. Mkewe Wairimu, muuguzi, alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo Philip alikwenda peke yake kuiwakilisha damu. Maabarani walipewa makoti meupe na miwani ya kinga. Lile koti lilimkaa vizuri kuliko alivyotegemea. Alimpa Kendi simu ampige picha akiwa ameshika chupa tupu na kuitazama dhidi ya mwanga, kisha akaiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp na maneno haya: Nimerudi kwa mpenzi wangu wa kwanza.

Mwalimu Kwamboka alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, viatu vya mtu anayesimama kutwa. Philip alimwendea kabla mkutano haujaanza, akateremsha sauti na kubadilisha Kiingereza kuwa Kiswahili, kama mtu anayefungua mlango wa nyuma.

"Dada Kwamboka, tumefurahi sana kukuona hapa. Nyumbani ni nyumbani. Huyu Kendi ni mtoto wako, wewe mwangalie tu kama wako."

"Asante, Baba Kendi," mwalimu akajibu. "Wa kwangu mwenyewe nilimfundisha kemia. Nilimpa hamsini na mbili, akakaa siku tatu bila kunisalimia. Kendi nitamwangalia hivyo hivyo."

Philip akacheka kicheko cha mtu ambaye hajui kama ametaniwa, akarudi mahali pake. Kulikuwa na meza kumi, kila meza mzazi mmoja. Yeye alipewa ya nne na Job ya tatu. Ya tano ilikuwa ya daktari mmoja Msudani, mrefu, mwenye mvi masikioni. Watoto walipangwa kwenye viti ukutani na kuambiwa kwamba leo midomo yao imefungwa.

Mwalimu alisimama mbele akaanza kwa Kiingereza, polepole, bila karatasi.

"Mmekuja kusikia cha kutarajia," alisema. "Nitawaambia. Mtoto aliyezoea tisini atapata hamsini. Itatokea kabla ya Desemba. Siku hiyo mtataka kunipigia simu. Msinipigie. Madarasa ya chini tuliwauliza watoto nini kinatokea, na mwenye kumbukumbu nzuri akashinda. Huku tunawauliza kwa nini kinatokea, na aliyekariri jedwali la elementi kama wimbo wa chekechea atakwama. Kuna hesabu nyingi. Kuna maabara kila wiki, na ripoti ya maabara kila wiki. Na jambo la kwanza ninalomfundisha mtoto ni kusema sijui. Wengi wao hawajawahi kusikia mtu mzima akilisema."

Wazazi wakacheka kwa adabu. Philip aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kwa namna ya mtaalamu anayeridhika kwamba mwenzake hajakosea.

Jaribio lenyewe lilikuwa lile ambalo kila aliyesoma sekondari Kenya amelionja. Unachukua asidi kiasi fulani, unaitia kwenye chupa, unadondoshea matone machache ya dawa ya kuonyesha rangi. Juu yake kuna bureti, bomba jembamba la kioo lenye mistari ya vipimo na bilula ndogo chini, limejaa alkali. Unafungua bilula, alkali inadondoka, unatikisa chupa. Muda wote huo maji hubaki bila rangi. Likifika tone moja tu la kutosha, chupa nzima inageuka waridi hafifu, kama ukucha wa mtoto mchanga. Hapo unafunga na kusoma umetumia kiasi gani. Unarudia mara tatu.

"Andikeni mnachokipata," mwalimu alisema. "Si mnachokitaka. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa na uliache lionekane. Hakuna kufuta na hakuna kuchana."

Philip alikunja mikono ya koti. Alikumbuka bureti kwa sura, kama mtu anavyomkumbuka jirani wa zamani ambaye hawakuwa wakisalimiana. Alifungua bilula, ikatoa mkondo badala ya tone. Akaifunga, ikafunguka zaidi. Alipokuja kujua upande wa kufungia, chupa yake ilikuwa nyekundu ya kung'aa, rangi ya sharubati ya harusi.

Akatazama huku na huku. Kwenye meza ya tano yule daktari naye alikuwa na sharubati yake. Daktari aliinua chupa, akaitazama, akacheka peke yake. "Nimeiua," alimwambia Philip kwa furaha, akapiga mstari kwenye karatasi na kuanza upya.

Mtu yule aweza kucheka, Philip aliwaza. Yeye ni daktari tayari. Akaimwaga chupa yake sinkini haraka. Alijaribu mara ya pili. Safari hii alidondosha kwa uangalifu mkubwa, tone moja baada ya jingine, mpaka meseji ikaingia mfukoni mwake. Alikuwa mchungaji, ameiona ile stetasi: Hongera Injinia, tunajivunia. Philip alipoinua macho, sharubati ilikuwa imerudi.

Zilikuwa zimebaki dakika saba. Karatasi yake ilikuwa na namba mbili mbaya zisizokaribiana hata kidogo. Aliichana taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni, akachukua nyingine. Kisha akanyoosha shingo kidogo tu, kama anayepunguza uchovu. Job, mtu mwoga wa meza ya tatu, alikuwa akifanya kila kitu kwa mwendo wa konokono na ulimi umetoka nje. Namba zake zilikuwa pale wazi, kwa mwandiko wa karani: 22.6, 22.4, 22.6.

Philip hakuwa mjinga. Kunakili neno kwa neno ni kazi ya watoto. Aliandika 22.5, 22.6, 22.5, akaongeza wastani wenye tarakimu nne baada ya nukta, na chini akapiga sahihi.

Mwalimu Kwamboka alizikusanya karatasi akaandika ubaoni namba za kila meza. Meza ya kwanza 18. Ya pili 26. Ya tatu 22.5. Ya nne 22.5. Ya tano 15, pembeni ameandika makosa mawili. Philip alipoona wengine walivyotawanyika, roho ilimtulia. Yeye na Job tu ndio walioelewana.

"Mmeona namba hazifanani," mwalimu alisema. "Si makosa. Asubuhi nilitengeneza asidi kumi tofauti, kila meza na nguvu yake. Hilo sikuwaambia."

Mwalimu akavaa miwani, akashika karatasi moja.

"Meza ya tatu, kazi safi. Asidi ya Bwana Job inamalizika kwenye ishirini na mbili na nusu, na yeye amefika hapo hapo. Meza ya nne." Akaitazama karatasi kwa muda. "Asidi ya meza ya nne ni nyepesi. Inamalizika kwenye kumi na nne. Ukifika ishirini na mbili na nusu umeshapita kitambo. Bwana Philip, ama umegundua jambo ambalo kemia bado haijalijua, ama kuna kitu kimetokea."

Watu wakacheka, bado kwa adabu. Philip angeweza kucheka nao. Daktari yule alikuwa ameshaonyesha njia, bure. Lakini miaka kumi na mmoja ya A humfanya mtu asiweze kuinama hata kuokota kilicho chake.

"Kwa heshima zote, Mwalimu," alisema kwa Kiingereza chake cha hotelini, "nadhani kifaa kina kasoro. Bureti hii bilula yake imelegea. Mimi kemia naijua. Nimefanya jaribio hili kwa usahihi mara tatu, na shahidi ninaye. Binti yangu alikuwa ananitazama muda wote. Kendi, hebu waambie ulichokiona."

Vichwa vyote viligeukia ukutani. Kendi alisimama. Alikuwa ameshika kingo za kiti chake kwa nyuma, na Philip alimtabasamia kumpa moyo, tabasamu lile lile la foleni ya chai.

"Baba," Kendi akasema, na alisema kwa Kiswahili, jambo ambalo halikumsaidia yeyote maana nusu ya chumba walikuwa wakielewa na nusu nyingine walielewa sura. "Ya kwanza ilizidi. Ya pili ikazidi pia, ulikuwa unasoma simu. Halafu ukanakili kwa Anko Job."

Hakuna aliyecheka sasa. Job aliikodolea macho bureti yake kana kwamba ingemwita. Philip akafanya jambo ambalo hata yeye hakulielewa baadaye: aliitoa miwani ya kinga, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena.

"Asante, Kendi. Keti," alisema mwalimu. Hakuwa na ukali wowote. Alipiga mstari mmoja juu ya 22.5 ya meza ya nne ubaoni, akaiacha ionekane, akaendelea na meza ya tano.

Njiani kurudi nyumbani Al Wakrah hapakuwa na redio. Philip alianza kuzungumza walipopita taa ya tatu.

"Mwalimu wa kutega watu. Hayo ndiyo mafunzo ya Nyamira."

Kendi alitazama nje.

"Na wewe. Mtoto wa kumzaa mwenyewe."

"Uliniita shahidi, Baba."

"Shahidi ana hiari."

"Nilipata hamsini na nane," Kendi akasema.

Philip alidhani hakusikia vizuri. "Wapi?"

"Mtihani wa kuingilia kozi. Mwezi uliopita. Mwalimu aliniambia nikuonyeshe tuzungumze. Karatasi iko kwenye begi, ndani ya atlasi. Ulikuwa umeshawaambia watu wa kanisa niliongoza."

Philip alijaribu kukumbuka kama kweli alisema hivyo. Alikumbuka vizuri. Aliwasha indiketa ingawa hawakuwa wakikata kona.

Wairimu alikuwa ameshafika nyumbani, bado na sare ya hospitali, miguu imewekwa juu ya stuli. Alikuwa ameiona ile stetasi, na zaidi ya hapo alikuwa amepigiwa simu na mke wa Job, kwa hiyo hakuhitaji kusimuliwa. Alimsikiliza mumewe akieleza habari za bilula iliyolegea mpaka mwisho. Kisha akamwambia Kendi akaoge, na mlango wa bafu ulipofungwa akauliza, "Baba Kendi, wewe ile A uliipata wapi?"

"Unamaanisha nini?"

"Nauliza tu. Tulipokuwa tukipeleka vyeti vikagongwe mihuri ili tupate kazi huku, nani alivibeba? Mimi. Nilikaa foleni asubuhi nzima sina cha kusoma. Kemia ulipata D na alama ya kujumlisha."

Philip alikaa chini. "Umejua miaka yote hii?"

"Nimejua. Kila Ijumaa nakunywa chai yangu nasikiliza vile inakua. Nilisema labda ni ugonjwa wa wanaume, utapita na umri. Hukuwa unamdhuru mtu. Sasa mtoto anaficha hamsini na nane ndani ya atlasi, na hamsini na nane ni karibu mara mbili ya zako." Alishusha miguu kutoka kwenye stuli. "Mficha uchi hazai. Wewe umezaa, lakini umemrithisha kuficha. Chakula kiko jikoni."

Alikula peke yake. Stetasi ilikuwa imetazamwa na watu mia moja na arobaini. Aliifuta, ingawa kesho yake ingejifuta yenyewe.

Siku mbili hakumsemesha Kendi ila kwa mambo ya lazima. Ya tatu Kendi alimletea fomu mezani.

"Nataka kuichukua," alisema. "Nimezungumza na Mwalimu. Amesema hamsini na nane si ya kunizuia, ni ya kunipa kazi. Amesema nitakosea mwaka mzima. Nimemwambia hiyo nitaiweza."

"Baada ya yaliyotokea, unataka kwenda kwa yule mama?"

"Ndiyo."

Philip alitafuta sababu ya kukataa. Zote alizozipata zilikuwa zake, hakuna hata moja ya Kendi. Akatia sahihi.

Mtihani wa kwanza ulirudi Novemba. Kendi alipata arobaini na moja. Bradley wa Job alipata thelathini na tisa na baba yake akamnunulia kuku wa kukaanga kwa sababu alikuwa amejibu maswali yote. Kendi aliibandika karatasi yake kwenye mlango wa friji kwa sumaku, mistari myekundu ikionekana kutoka sebuleni. Wageni wa kanisa walipotarajiwa, Philip aliitoa akaiweka juu ya friji. Wageni walipoingia, Wairimu aliirudisha. Mchungaji aliisoma yote akisubiri maji ya kunywa, akasema hata yeye kemia ilimshinda kabisa, na kwa mara ya kwanza Philip aliona mtu akilitamka hilo sebuleni kwake bila dari kuanguka.

Jumanne moja alasiri, Wairimu akiwa kazini, Philip alipita mara tatu nyuma ya kiti cha Kendi akijifanya anatafuta rimoti. Mara ya nne alisimama.

"Hii moli," alisema. "Wanaitaja kila mahali. Ni kitu gani hasa?"

Kendi alimweleza. Hakuelewa. Akamweleza tena kwa kuchukua dazeni ya mayai kama mfano, kwamba dazeni ni kumi na mbili iwe ya mayai au ya malori, na moli nayo ni idadi tu, ila kubwa mno, ya kuhesabia vitu vidogo mno. Philip aliuliza mbona basi uzito haufanani. Kendi akasema ndilo swali lenyewe, akamweleza mara ya tatu, akichora yai na lori pembeni ya daftari.

Philip alilitazama lori kwa muda mrefu. "Jibu nilikuwa nalijua," alisema hatimaye. "Nilitaka tu kuona kama wewe unalijua."

"Sawa, Baba," Kendi akasema, akavuta kiti cha pili karibu na meza, akafungua ukurasa unaofuata.